Shikaneno na Neno "Nitajitoa"

"Nilisema nitajitoa. Si ndiyo hivi najitoa? Mnataka nini tena?"

"Bosi, usituone mazoba. Kujitoa ni kutoa chako, siyo kusepa!"

"Hiyo maana yako wewe. Iulizeni mashine," mkurugenzi aliwajibu mashabiki.

Mashine ilikuwa hapo hapo, kwenye geti la uwanja wa klabu ya Kihonda Moto, Morogoro. Nguzo nyeusi, urefu wa mtu, ina sikio la shaba na taa moja. Inaitwa Shikaneno. Mwaka huo wa 2088 kila klabu ilikuwa nayo. Mkurugenzi akiahidi kitu mbele ya mashabiki, Shikaneno inaidaka ahadi na kuifunga. Siku ikifika hajatimiza, hakuna polisi wala kesi. Gari lake haliwaki, simu haipigi, ofisi haifunguki, mpaka afanye alichosema. Wakurugenzi wa zamani walikuwa wanaongea tu. Wa sasa wanaongea huku jasho linawatoka.

Ila Lugendo, mkurugenzi wa Kihonda Moto, alikuwa mkavu kabisa. Mwaka jana alisimama hapo akasema: "Jukwaa la mashariki lisipokwisha kufikia Juni, nitajitoa mwenyewe, kwa moyo wangu wote." Watu wakapuliza vuvuzela. Juni imefika, jukwaa ni nguzo nne na majani. Ligi imetoa mwezi mmoja: hakuna jukwaa, timu inashushwa daraja.

Na taa ya Shikaneno ilikuwa ya kijani. Ahadi imetimia. Begi la Lugendo lilishaingia kwenye gari.

Chande, dereva wa bajaji na mwenyekiti wa mashabiki, akamgeukia fundi wa mashine.

"Dada Sikujua, hili dubwana lako limelala?"

"Haijalala." Sikujua ndiye aliyeifundisha Kiswahili, na sauti yake ilikuwa chini. "Inataka kila neno liwe na maana moja. Neno kujitoa nililipa maana ya kuondoka. Niliitoa kwenye magazeti. Mgombea kajitoa, timu imejitoa kwenye mashindano. Sikuja kuuliza huku jukwaani mnasemaje."

"Kwa hiyo tunashuka daraja kwa sababu ya magazeti?"

"Samahani, kaka."

"Samahani haifungi goli. Geuza."

"Naweza, sasa hivi. Ila nikigeuza, inageuka kwa kila aliyelisema neno hilo." Akamwangalia. "Lugendo alipomaliza siku ile, nyie mliitikia nini?"

Chande akakumbuka. Uwanja mzima uliitikia, na kipaza sauti alishika yeye: Na sisi tutajitoa! Shikaneno iliidaka na hiyo, ila kwa maana ya kuondoka wao hawakuwa na cheo cha kuacha.

Lugendo akacheka, mara ya kwanza toka asubuhi. "Haya, mwenyekiti, mwambie ageuze. Kesho abiria utawabeba mgongoni?"

Nyuma ya Chande jamaa mmoja alichomoa ufunguo wa pikipiki yake, akabaki anauangalia kama vile kauokota.

"Na jiko langu la umeme?" aliuliza Mama Kidawa, muuza supu wa getini.

"Litazima, mama," alisema Sikujua. "Mpaka jukwaa liishe."

Mama Kidawa akafikiria. "Basi nitapikia kuni. Siku ile nilijua nasema nini."

Chande akaitazama bajaji yake. Ilikuwa inajiendesha yenyewe, yeye kazi yake ni kupiga stori na abiria. Miaka saba aliitafuta. Akapitisha mkono kwenye kiti, taratibu, akauondoa.

"Geuza, dada."

Sikujua akabonyeza. Taa ikawa nyekundu. Gari la Lugendo likazima kwanza, milango ikajibana. Ikafuata bajaji. Halafu pikipiki, moja moja, barabara nzima, mpaka Kihonda ikawa kimya kiasi cha kusikia kuku wanachakura. Hakuna aliyeshangilia. Watu walikuwa wanajaribu simu zao, wanazirudisha mfukoni.

Lugendo akavuta mlango wa gari kwa mikono miwili. "Chande! Umejifunga na wewe! Una akili kweli?"

"Ninazo."

"Sasa tutafanyaje?"

"Kokoto tunaanza kubeba saa moja asubuhi," alisema Chande. "Mafundi na saruji unaleta wewe. Na hivyo viatu, bosi, tafuta vingine."

Akageuka, akaondoka kwa miguu.