S Ndani ya Mchanga wa Kasulo

Saa tatu na nusu asubuhi.

Chumba cha nyuma cha saluni ya Marlène kilinuka nywele zilizoungua. Tshibangu alichora kwa chaki sakafuni: dipo ya wanunuzi wa kobalti mtaani Kasulo, geti moja la chuma, kichochoro, halafu lami.

"Mi na Mpoyi tunaingia kubeba feza," alisema. "We Alimasi unabakia mu motokari. Tukitoka unatia gia ku S, tunapotea."

Alimasi, dereva wao, mtoto wa wachukuzi waliohamia Kolwezi kutoka Kindu, alikuna kidevu.

"Patron, S ni ya ku lami. Mashini inashikilia vitesi, gia ya chini, ukikanyaga kidogo tu inaruka. Mu kichochoro ile magurudumu itachimba. Tutoke na D, ile ya kawaida, pole pole. S tutatia ku lami."

"Pole pole njo inakamatisha batu. Mi nikisema S, ni S."

Tshibangu hakuwahi kuendesha hata baiskeli, lakini mbele ya magari ya watu alikuwa profesa. Alipenda ule mngurumo wa S. Kichochoro kile Alimasi alikijua kwa tumbo lake: yeye na Mpoyi ndio waliochimba chini yake, miaka miwili, kisha mashimo yakafukiwa kwa mchanga wa toroli. Juu palionekana barabara. Chini hapakuwa na kitu kigumu.

Saa nne na robo.

Walisimama nyuma ya dipo. Tshibangu alishuka kuchungulia. Mpoyi, kwenye kiti cha nyuma, alikuwa akifuta viganja kwenye suruali.

"Yaya," alimwita Alimasi, kama anavyoitwa kaka mkubwa, "utakuwa ku kamba?"

Shimoni mmoja hushuka na mwingine hushika kamba. Mshika kamba haondoki. Hata haja ndogo huibana, mpaka aliye chini avute mara tatu. Wawili hao waliishi hivyo miaka mitano. Mwaka ule shimo la mgodi wa Mashamba lilipomfunika Alimasi, Mpoyi alifukua kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Na ni Alimasi aliyemleta kwenye kazi hii. Asubuhi moja tu, alimwambia.

"Niko ku kamba," alijibu.

Mpoyi akatabasamu, akashuka.

Saa nne na dakika thelathini na nane.

Risasi moja. Kuku wa jirani wakatawanyika. Alimasi alihesabu pumzi zake.

Tshibangu akatoka, begi begani, peke yake. Alibamiza geti na kusukuma komeo kwa nje, kisha akajitupa kiti cha mbele.

"Mpoyi?"

"Amekufa. Tia S."

Geti likagongwa kutoka ndani. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Tshibangu hakugeuka. Aliuweka mdomo wa bastola kwenye mbavu za dereva.

"Bakipata mumoja, habatatufwata. Tia S, nimesema."

Alimasi aliitazama gia. Kwa D na mguu mwepesi, gari lingevuka mchanga ule. Wiki nzima alikuwa amelijaribu hapo. Dakika tatu tu na wangekuwa kwenye lami, yeye akiwa hai, na jioni angekula nyumbani na mke wake Bilkisi. Alimfikiria Bilkisi, na moyo ukamuuma kweli.

Akaisukuma gia upande wa S, kama mkubwa alivyoagiza. Akakanyaga mpaka chini.

Injini ikapiga kelele. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakatupa mchanga, yakazama.

"Ongeza!"

Akaongeza. Gari likakaa kitako, tumbo likilala ardhini.

Tshibangu alielewa akiwa amechelewa. Alimpiga Alimasi kwa kitako cha bastola, akatoka mbio na begi lake kuelekea lami. Polisi wa migodi, walioitwa na mlio wa risasi, walimdaka kabla hajaifikia.

Alimasi alikuwa amekwisha kurudi getini, damu ikimwingia jichoni. Alishika komeo. Ndani ikalia risasi ya pili. Komeo lilipotoka, geti lilifunguka lenyewe kwa uzito wa mtu aliyeliegemea, na Mpoyi akamwangukia kifuani.

"Nilivuta mara tatu," Mpoyi alisema.

"Nilisikia, ndugu yangu. Nilisikia."

"Nilijua uko."

Alimpitishia mikono chini ya makwapa, vile anavyopokewa mtu kwenye mdomo wa shimo, akamvuta nje juani. Mpoyi alikuwa mzito kuliko siku zote. Alimasi alilia bila kujificha. Nyuma yao injini ilikuwa bado inaunguruma pale ilipozama.

Mlinzi wa dipo akatokea getini na bunduki.

"Mikono yulu."

"Ngoja, baba," Alimasi alisema. "Bado nimemushika."