Maji Kinywani mwa Klementina

Jirani yangu Klementina alikuwa na mdomo mkali kuliko wangu, na wangu mnaujua. Binti yake Flora alipotoroka na dereva wa trekta katikati ya palizi ya pamba, mama mtu akamlaani: hutabeba mtoto. Mimba tatu zikatoka.

Mwaka huu Klementina akawa mtu wa kitandani, akalainika. Kwetu laana ya mzazi huiondoa mzazi mwenyewe: anajaza maji kinywani, anampulizia mwanawe usoni, yameisha. Akifa kabla, imebaki. Nikampigia Flora simu huko Tabora. "Njoo upesi, mayu wako amekubali." Mayu kwetu ndiye mama.

Akapanda treni. Kituo chetu hapa Maswa ni kidogo, na nyumba ya Klementina inatazamana na reli. Siku hiyo treni ilikuwa imechelewa kwa saa tano. Saa nane mchana Flora akabeba begi, akasimama mlangoni mwa behewa. Treni haikupunguza mwendo.

"Tunafidia muda, dada," mhudumu akamwambia. "Vituo vidogo leo hatusimami. Utashuka huko mbele."

"Mama yangu ananingoja."

"Kila mtu ana mama."

Flora akachungulia dirishani. Anasema alimwona. Klementina, amesimama kando ya reli, juani, kanga kifuani. Mashavu yamevimba. Hakupunga mkono. Aligeuza tu kichwa, taratibu, akilifuata behewa.

Flora alirudi kwa bodaboda, saa kumi, vumbi hadi kwenye kope. Akatukuta tunaosha maiti. Klementina alikuwa amekufa tangu saa nne asubuhi, mikononi mwangu. Taya nilimfunga mimi, kinywa kikavu kama gunzi.

Nikamtazama tena. Mashavu yamejaa.

Nikabonyeza. Kitu kikacheza ndani. Maji.

"Msogezee uso," nikamnong'oneza Flora.

Akapiga magoti. "Mayu, nimefika."

Akangoja. Tukavuta taya, tukabembeleza. Midomo haikuachia. Tukamzika hivyo hivyo.

Sasa ni kiangazi, ardhi imepasuka kote. Lakini kila treni ikipita bila kusimama, kaburi linalowa upande wa kichwa, pahali pa ukubwa wa uso wa mtu. Flora hukimbia akalala pale kifudifudi. Nimemchungulia mara mbili. Anainuka, tope liko chini yake, na uso wake ni mkavu.