Kamba ya Nanga Haikuwemo

Kila Jumamosi asubuhi, kabla abiria hawajaruhusiwa kuingia kwenye boti ya kuvukia mto, Chiriku na shangazi yake walikuwa na kazi yao ya kuulizana na kujibizana. Shangazi alikaa nyuma kwenye mashine akimimina petroli ndani ya tangi, naye Chiriku alipiga magoti mbele, penye sanduku la mbao la vifaa. Shangazi akitaja kitu, Chiriku hukitazama kwanza, kisha hujibu. Jina hilo la Chiriku alilipata kwa shangazi huyo huyo, maana tangu siku alipojua kusema, binti huyu hakuwahi kujua kunyamaza. Jumamosi hii nayo walianza kama kawaida.

"Majaketi ya kujiokolea?"

"Yapo."

"Kafi?"

"Lipo."

"Kopo la kukumbia maji?"

"Lipo, tena nimeliosha."

"Nanga na kamba?"

Safari hii Chiriku hakutazama. "Vipo," alisema, akafunga kifuniko haraka.

Nanga ilikuwemo, hilo ni kweli. Kamba ndiyo haikuwemo. Siku mbili kabla, wasichana wa darasa lake walikatikiwa na kamba yao ya kuruka, nao wakaanza kulalamika kwamba mchezo umekwisha. Chiriku, ambaye hapendi mchezo wowote uishe, alikumbuka kamba nene ya shangazi. Aliifungua kwenye nanga kimya kimya, akaipeleka uwanjani. Ilikuwa nzito, ikizungushwa inavuma na kutimua vumbi, na wenzake wakamsifu mpaka kichwa kikamvimba. Kisha kamba ikalala nyumbani kwa rafiki yake, na rafiki huyo akasafiri na wazazi wake, mlango ukafungwa kwa kufuli. Chiriku aliona asijisumbue. Alikunja gunia tupu, akalitia sandukuni juu ya nanga ili sanduku lionekane limejaa. Ukingoni boti hufungwa kwa mnyororo uliopo gatini, na katikati ya mto yeye hakuwahi kuona nanga ikishushwa. Alijiambia kwamba rafiki yake akirudi tu, mambo yatakuwa sawa, na hakuna atakayejua.

Abiria wa safari ya kwanza hawakuwa wengi. Aliingia fundi cherehani wa ng'ambo, mtu mnene mwenye utani usiokwisha, amekumbatia jora jipya la khaki la kushonea sare za wanafunzi. Nyuma yake alikuja mama kijana mwenye mtoto mchanga, aliyekuwa akimpeleka kliniki. Shangazi alihakikisha kila mmoja amevaa jaketi lake. Fundi la kwake halikutaka kufunga tumboni, akamwambia Chiriku kwamba jaketi hilo limeshonwa na mtu mwenye njaa. Chiriku alicheka, wakaondoka.

Mvua zilikuwa zimenyesha milimani na mto ulikuwa umejaa, maji ya rangi ya udongo yakipita kwa kasi. Walikuwa wamefika katikati pale mashine ilipokohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima.

Kimya kilichofuata kilimshangaza Chiriku. Hakuwahi kuusikia mto ukiwa hauna mlio wa mashine juu yake. Sasa aliusikia ukisugua ubavu wa boti, na aliona miti ya ukingoni ikianza kurudi nyuma yenyewe. Boti ilikuwa inachukuliwa na maji. Na kule yalikokuwa yakiipeleka zilisimama nguzo za daraja la zamani, lililovunjika kabla yeye hajazaliwa. Nondo zenye kutu zilichomoza ubavuni mwa nguzo hizo, na maji yalipozipiga yalifanya povu.

Shangazi hakubabaika. Alivua kifuniko cha mashine, akaigusa kwa ncha ya kidole, akaurudisha mkono upesi. Aliwaeleza abiria kwa sauti yake ya kawaida kwamba mashine imechemka. Maji ya kuipoza hayapandi, bila shaka kuna takataka imeziba tundu la kuyavutia. Ataitoa takataka hiyo, mashine ipoe kidogo, kisha waendelee. Kuiwasha ikiwa moto hivyo ni kuiua kabisa. Alimpa fundi kafi ajitahidi kuielekeza boti mbali na zile nguzo, akageukia mbele.

"Chiriku, shusha nanga."

Chiriku alifungua sanduku. Alitia mkono, akagusa gunia. Alijua kwamba ni gunia, alilitia yeye mwenyewe, lakini mwili wake ulishtuka kana kwamba amegusa nyoka. Aliendelea kupekua mle ndani, akiinua gunia na kulirudisha, kama mtu anayetafuta kitu ambacho huenda kikajitokeza chenyewe.

Uongo ulimjia kichwani ukiwa tayari, umepangika vizuri: kamba imeibwa. Ukingoni hupita watu wengi, nani angebisha? Aliinua macho. Nguzo zilikuwa zimekuwa kubwa. Fundi alikuwa anapiga kafi kwa nguvu zake zote, jasho linamtiririka, na utani wote umemkauka. Mama kijana alikuwa anamfunga mtoto kifuani kwa kitambaa, akikaza fundo mara mbili.

"Chiriku, unangoja nini?"

"Shangazi, kamba haimo," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Haimo. Niliitoa mimi tukachezee. Asubuhi nilikudanganya."

Fundi aliacha kupiga kafi. Shangazi alimtazama Chiriku, na Chiriku akaona kitu ambacho hakukitarajia. Alitegemea hasira, lakini uso wa shangazi ulikuwa mtupu, macho yamemtoka, kama mtu aliyeamshwa ghafla akakuta hayuko kitandani kwake.

Kisha aliyazungusha macho ndani ya boti. Alitazama mikanda ya majaketi, akaona ni mifupi. Alitazama kitambaa cha mtoto, akakiacha. Macho yake yalipotua kwenye jora la khaki, fundi alikuwa ameshalivuta na kulifungua.

"Chukua, dada," alisema. "Khaki hii naijua. Mwenyewe nikiivuta haichaniki, ndiyo maana nawashonea watoto watundu."

Fundi alikunjua, Chiriku na mama kijana wakasokota kitambaa kwa pamoja, kila mmoja akizungusha upande wake mpaka kikawa kigumu. Shangazi alifunga ncha moja kwenye pete ya boti, ya pili akaipitisha mara mbili kwenye tundu la nanga, akakaza fundo kwa meno. Akaitupa nanga majini.

Khaki ilikimbia ikipita mikononi mwa Chiriku na kumchubua viganja. Nanga iliburuta chini, ikashika, ikaachia, wakapiga kelele wote kwa pamoja isipokuwa shangazi. Ikashika tena. Boti iliruka, ikageuza pua kuelekea juu ya mto, ikatulia ikitikisika. Nguzo zilikuwa karibu kiasi kwamba Chiriku aliona kiota cha ndege juu ya nondo.

Shangazi aliinua mashine kutoka majini. Mfuko wa plastiki ulikuwa umejibandika kwenye tundu la kuvutia maji, akaubandua vipande vipande. Halafu wakakaa kungoja mashine ipoe. Huo ndio muda mrefu kuliko wote ambao Chiriku aliwahi kuungoja. Khaki ilikuwa imevutika mpaka inatoa mlio, na yeye hakuondoa macho kwenye fundo. Alihisi wote wamemkazia macho. Hata mtoto mchanga alikuwa anamtazama.

Mashine iliporudishwa majini na kuwashwa mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili iliwaka, na maji ya kupozea yakatoka kwa nyuma kwa wingi. Walipandisha nanga, boti ikapanda mto polepole mpaka ng'ambo.

Mama kijana alishuka wa kwanza. Alipompita Chiriku alisimama, akamtazama, akamkaza mtoto kifuani, akaenda zake. Chiriku aliona heri angetukanwa. Fundi naye alikokota khaki yake iliyojaa matope hadi kwenye bomba lililokuwa ukingoni, akasema matope hutoka kwa sabuni.

Shangazi alifunga boti, akaketi kwenye ngazi ya gati. Alichukua chupa ya maji ya kunywa, akajaribu kuifungua, akashindwa. Mikono yake ilikuwa inatetemeka sana. Chiriku alisimama ameduwaa. Maisha yake yote hakuwahi kumwona shangazi akiogopa, na sasa alielewa kwamba kule mtoni alikuwa anaogopa tangu mwanzo, ila aliuficha woga ili wao wasiogope. Alimfungulia chupa, akamwomba msamaha huku analia.

Shangazi alikunywa kwanza. "Kaa hapa," alisema. "Kamba si kitu, mwanangu. Kamba ningekupa ungeomba, na mchezo wenu ungeendelea. Lakini mimi hukaa nyuma, sioni ndani ya sanduku. Yule mama naye haoni. Sote tunaona kwa macho yako. Uliposema 'vipo', ulitufumba macho sote, pamoja na yule mtoto ambaye hata kusema hajui."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Na nikuambie na hili lingine. Kule katikati ungeweza kusema imeibwa. Ningeanza kuuliza nani na lini, na muda ungepita. Ulisema ukweli wote kwa mara moja, nikajua pa kuanzia. Ukweli wako umechelewa, lakini umetuokoa. Siku nyingine uuseme mapema, tukiwa bado tumekanyaga ardhi."

Chiriku alifuta machozi kwa mkono uliochubuka, akauliza kama sasa amefukuzwa kwenye boti.

"Sijakufukuza. Utakagua vifaa kama kawaida," shangazi alijibu. "Ila ukishamaliza, nami nitakuja nyuma yako kuvitazama tena. Siwezi kukwambia mpaka lini. Imani haifungwi upya kwa siku moja kama tulivyofunga ile khaki."

Neno hilo lilimuuma Chiriku kuliko viganja, na alijua kwamba ni haki. Aliinuka, akaenda bombani kumsaidia fundi kufua.