Kijiko cha Mama

Kijiko cha mama kilikuwa juu ya piano, na Mwalimu Nota alikumbuka vizuri kwamba alikifungia kabatini.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wake wa piano, ingawa kila alasiri, akishamuaga wa mwisho, nota zenyewe alizipa likizo. Aliketi akapiga chochote kilichomjia vidoleni, kwa sharti moja: haachi mpaka muziki uishe wenyewe. Siku hiyo vidole vilikwenda vyenyewe kwenye mdundo ule ule wa siku mama alipofariki: tatu, kimya, mbili. Sebule ikajaa harufu ya dawa ya kuchua ya mama. Mama alikuwa na miezi miwili kaburini.

Dada yake, aliyehamia pale baada ya msiba, naye aliinusa. Akamleta mganga, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, ambaye aliweka sikio kwenye ukuta wa chumba cha marehemu.

"Huyu si mama yenu," alinong'ona. "Ni jini. Mtu aligonga hapa, mwingine akamjibu kwa muziki. Jini akadhani amekaribishwa mchezoni. Aliyejibu aseme ukweli mbele ya nduguye, ndipo ataondoka."

"Kaka?"

"Mimi nilikuwa napiga. Sikumsikia."

Ukuta ukagongwa: tatu, kimya, mbili. Dada akamshika mganga mkono.

"Nilisikia," akasema Mwalimu, macho chini. "Mama alikuwa anagonga ukuta kwa kijiko ili nikamwinue, pumzi zinambana. Nikaona mdundo mtamu, nikaudaka. Nikaupiga nusu saa, dada, na nilifurahi. Alipoacha kugonga nikadhani amelala."

"Uliniambia alikufa usingizini," dada alisema. Hakulia, wala hakumtazama tena. Aibu ilimtafuna Mwalimu mpaka akatamani apigwe kofi. Harufu ikapungua, kisha ikaisha, na mganga akafunga mkoba wake akisema mgeni amekwenda.

Kesho yake alasiri, dada akiwa kazini na piano imefungwa, ukuta uligongwa tena.

Safari hii hakungoja. Alikurupuka, akaangusha kiti, akakimbia huku akiita, "Nakuja mama, nakuja," akasukuma mlango, akakuta kitanda kimetandikwa, mto umebonyea kama umetoka kulaliwa, na kijiko kikiwa juu yake, na alipokiokota mlango ukajifunga nyuma yake, harufu ya dawa ya kuchua ikamjaa puani mpaka kifuani, pumzi zikaanza kumkatika, akaanguka kitandani, akajaribu kuita sauti isitoke, akanyoosha mkono akagonga ukuta kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, tatu, akapumzika, mbili.

Sebuleni piano ilifunguliwa. Ilimsikiliza kidogo, ikaudaka mdundo wake, ikaanza kupiga kwa mapigo aliyoyajua kuwa ni yake mwenyewe, taratibu na kwa furaha, bila haraka ya kumaliza.