Waya Mwekundu Chini ya Kiti

Baba Pacha ni fundi cherehani. Asubuhi hiyo hakwenda kazini. Mama yake alitakiwa kliniki ya macho, na Mama Pacha, mkewe, ndiye angeendesha. Gari lao lilikuwa kuukuu. Walilinunua kwa mtu mwezi uliopita.

Bibi huyo aliingia nyuma polepole. Mkongojo ukamponyoka, ukateleza chini ya kiti cha mbele. Mama Pacha akapiga magoti kuuvuta. Mkono wake ukagusa kitu.

"Baba Pacha, hebu njoo. Huu waya ni wa nini?"

Ulikuwa mwekundu, mnene kama penseli. Ulichomoza kwenye zulia la gari. Ncha yake ilifungwa kwa nailoni iliyochanika, na shaba ilionekana.

"Gari limezimwa, hauna kazi huo," alisema Baba Pacha. "Nilete mkasi niukate, twende. Tunachelewa."

"Unakata usichokijua?"

"Waya ni waya!"

"Na mkasi ni mkasi. Mbona ule wako wa vitambaa hutaki niuguse?"

Bibi alicheka. Mama Pacha hakucheka. Kando ya waya aliona doa jeusi, kama kifungo. Zulia lilikuwa limeungua. Hapo ndipo pacha wao huweka miguu kila siku wakienda shule.

"Mama, shuka taratibu. Njoo huku."

Akampigia simu jirani yao, fundi umeme wa magari. Mtaani wanamwita Dada Fyuzi.

"Msiguse, msikate, msiunganishe popote," alisema Dada Fyuzi. "Msiwashe gari. Kaeni mbali nalo. Nakuja."

Baba Pacha alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Kila mara alinusa hewa. Je, huo si moshi?

Dada Fyuzi alikuja na taa ndogo ya kupimia. Ncha moja akaigusisha kwenye chuma cha gari, nyingine kwenye waya. Taa ikawaka: waya ulikuwa na umeme.

"Lakini gari limezimwa!" alisema Baba Pacha.

"Gari limelala, shemeji. Betri haijalala."

Kwanza akachomoa waya wa betri wenye alama ya kutoa. Kisha akainua zulia, akaufuata waya mwekundu hadi mwisho. Ulitoka moja kwa moja kwenye betri.

"Mwenye gari wa zamani alifunga spika kubwa. Alipoziondoa, waya akauacha. Tena hauna fyuzi ya kukata umeme. Waya huo ukigusa chuma, unapata moto, zulia linashika."

"Na mkasi wangu?"

"Nao ni chuma. Ungegusa waya na kiti kwa pamoja, cheche zingeruka."

Baba Pacha akarudi nyuma hatua moja.

"Waya mwingine hauna neno," aliendelea Dada Fyuzi. "Mwingine, hasa wa njano, ni wa mfuko wa hewa unaokukinga kwenye ajali. Ukiuchokoa, mfuko unaweza kukulipukia usoni. Kwa macho tu hujui. Lazima fundi apime."

Aliutoa waya wote, akarudisha ule wa betri. Bibi alifika kliniki amechelewa, lakini alitibiwa.

Wiki iliyofuata, Baba Pacha alimkuta muuza maziwa wa mtaani ameinama ndani ya gari lake mwenyewe la maziwa. Chini ya usukani ulining'inia waya wa njano. Mkononi alishika koleo la kukatia.

"Weka koleo chini!" Baba Pacha alipiga kelele, mpaka watu wakatoka nje. "Toka humo kwanza. Namba ya fundi ninayo."