Silvana Atafuta Kazi ya Kufundisha Nje ya Nchi

Mzee Beda wa Malangali alikuwa na watoto wanne, lakini aliyemfanya atembee kifua mbele ni Silvana. Huyo ndiye wa kwanza katika ukoo wao kumaliza chuo kikuu. Alisomea ualimu wa Kiingereza. Sasa miaka miwili ilikuwa imepita na ajira ya serikali haikuwa imemfikia. Asubuhi alijitolea kufundisha katika shule ya kata. Jioni alimsaidia mama yake, Albina, kupepeta ulezi.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, baridi ikiwa kali mpaka mbuzi hawataki kutoka zizini, Silvana aliingia jikoni mbio, simu mkononi.

"Baba! Nimepata kazi! Nje ya nchi!"

Ujumbe ulikuwa wa WhatsApp. Ulitoka kwa mtu aliyejiita Bwana Victor, wakala wa ajira. Alisema shule moja ya Bangkok, huko Thailandi, inamhitaji mwalimu wa Kiingereza. Mshahara mnono, nyumba bure. Silvana alitakiwa kufanya mambo mawili kabla ya Ijumaa. Atume ada ya kushikiwa nafasi, na pasipoti yake aiweke kwenye basi la Dar es Salaam.

"Huko wanakula ugali?" Albina aliuliza.

"Nasikia ni wali, mama."

"Asubuhi na jioni? Utakonda wewe."

Beda hakuyasikia hayo. Alikuwa anawaza maksai wake wawili wa kulimia. Jioni ile ile alizungumza na mnunuzi, apate ile ada. Kesho yake, baada ya misa, alisimama nje ya kanisa na kuwaambia watu: "Binti yangu anakwenda kufundisha Bangkok." Watu walimpa mkono. Beda alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Jumatatu alikwenda Sumbawanga mjini, kwenye duka la steshenari la Mama Nadhira, kuchukua mkataba alioutuma Victor. Silvana alikuwa ameutuma kwenye simu ya dukani ili uchapwe. Jina la Mama Nadhira ni Ashura. Zamani alifundisha Kiingereza Moroni, kule Visiwa vya Komoro, kwa miaka sita. Aliporudi Sumbawanga, yeye na mumewe Suleimani wakafungua duka hilo. Mama huyu hakuweza kuchapa karatasi bila kuisoma.

"Baba Silvana," alisema, "kabla sijachapa, naomba nikuulize. Huyu Victor mmeonana naye?"

"Wanaandikiana."

"Na shule imemsaili Silvana?"

"Imeuona uwezo wake."

"Imeuonea wapi?"

Beda alivua kofia, akaivaa tena.

"Mimi Moroni walinisaili mara mbili," Mama Nadhira aliendelea. "Walitaka wanisikie nikifundisha. Shule gani hii inayomkabidhi mtu watoto bila kumsikia hata sauti? Halafu tazama hapa. Ataingia kwa viza ya matembezi, kibali cha kazi atafuatilia hukohuko. Mwenye viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi. Akikamatwa, nani atamtetea?"

"Kwani hutaki mtoto wangu apate?" Beda alifoka.

Maneno yalipomtoka tu, alitamani kuyameza. Mama Nadhira hakukasirika. Alimvutia kiti.

"Nataka apate, Baba Silvana. Tena nataka tumwone akirudi."

Alasiri Mama Nadhira alifika Malangali. Silvana alimwamkia, lakini uso aliukunja.

"Shikamoo, mama. Wewe ulienda nje. Mimi nikae hapa nizeeke?"

"Marahaba, mwanangu. Sijaja kukuzuia. Nimekuja tuhakikishe. Tafuta tovuti ya shule yenyewe. Namba aliyokupa Victor usiiguse. Uwaulize kama wanakujua. Na mimi nitapiga simu kwenye wakala wa serikali wa huduma za ajira, niulize kama Victor ana leseni."

Silvana aliandika. Jibu la shule lilikuja kesho yake. Hawakuwa na nafasi, na Victor hawakumjua. Kwenye orodha ya mawakala wenye leseni pia hakuwamo. Silvana alipomuuliza Victor kuhusu leseni, Victor alimfungia asimwandikie tena.

Silvana alijifungia chumbani. Beda alibisha hodi mpaka akafunguliwa, akaingia, akakaa pembeni ya kitanda.

"Nimekuaibisha, baba," alisema Silvana. "Watu wote wanajua nakwenda."

"Wewe uliniambia mimi. Mimi ndiye niliyewaambia watu." Beda alijikuna kichwa. "Nilikuwa nakusukuma wewe huku najitafutia sifa. Sikuuliza hata swali moja. Nisamehe, mama."

Alizoea kumwita hivyo tangu binti akiwa mdogo, kwa sababu alipewa jina la bibi yake, mama wa Beda. Silvana alilia, kisha akacheka, kwa kuwa hakuwahi kumwona baba yake akiomba msamaha. Beda alitoka nje kumpigia mnunuzi. Maksai hawauzwi.

Wiki iliyofuata Mama Nadhira alianza kumwelekeza. Kwanza waliandaa CV ya kurasa mbili, yenye ukweli mtupu. Miaka miwili ya kujitolea, ambayo Silvana alikuwa ameiacha kwa kuionea haya, iliwekwa juu kabisa.

"Huo ndio uzoefu wako," Mama Nadhira alimwambia. "Mwombe mkuu wa shule akuandikie barua."

Kisha Silvana alipeleka vyeti kwa mwanasheria vithibitishwe. Akaenda polisi kuchukuliwa alama za vidole, apate hati ya tabia njema.

"Sasa nionyeshe unavyofundisha," Mama Nadhira alisema.

"Nimfundishe nani?"

"Hao wawili."

Beda na Albina waliketishwa kwenye benchi uani. Silvana alisimama mbele yao na kufundisha salamu za Kiingereza. Alieleza vizuri, akaeleza tena, akaandika ubaoni. Beda alianza kusinzia.

"Umesema dakika ishirini," Mama Nadhira alimwambia. "Baba yako amesema neno moja, na lenyewe ni mwayo. Lugha anaijua anayeisema. Wape wao kazi ya kusema."

Silvana alifuta ubao. Safari hii alimpa Albina kikapu cha mahindi awe muuzaji, na Beda awe mnunuzi. Aliwapa maneno machache tu. Wakaanza kupatana bei kwa Kiingereza. Albina alikataa kupunguza. Beda alisihi kwa Kiingereza mpaka maneno yakamwishia, akamalizia kwa Kifipa cha nyumbani. Majirani walichungulia juu ya uzio, wakavunjika mbavu. Silvana aliwatazama wazazi wake wakibishana, akaona kile ambacho chuo hakikuwahi kumwonyesha.

Maombi ya kwanza yalikataliwa. Shule ile ilitaka walimu waliozaliwa nchi zinazozungumza Kiingereza. Ya pili hayakujibiwa kabisa.

"Basi tena," Silvana alisema.

"Mimi nilikataliwa mara saba," Mama Nadhira alijibu. "Umetafuta mbali tu. Jirani zetu je?"

Silvana hakuwahi kufikiria kwamba Burundi ni nje ya nchi. Lakini kule watu wamezoea Kifaransa, na wazazi wengi sasa wanataka watoto wao wajue Kiingereza. Aliandika kwa shule tatu za Bujumbura. Moja ilijibu.

Siku ya usaili kwa simu ya video, mkuu wa shule alimwambia: "Nifundishe dakika tano. Mimi ni mtoto wa darasa la tatu."

Silvana alinyoosha mkono akatafuta kitu mezani. Akaona karanga za Albina. Alimfanya mkuu wa shule awe muuza karanga. Baada ya dakika tano, yule mkuu alikuwa bado anagoma kushusha bei.

Mkataba ulipofika, walikaa wote wanne kuusoma mstari kwa mstari. Silvana alisoma, kisha akawatafsiria wazazi. Saa za kazi zilikuwepo. Mshahara ulikuwepo. Nyumba haikutajwa.

"Waliahidi kwa mdomo," Silvana alisema.

"Waandike," alisema Mama Nadhira. "Na uulize nani anafuatilia kibali cha kazi, na kitatoka kabla hujasafiri au baada. Jambo lingine: pasipoti inakaa kwako. Mwajiri ataiangalia, atatoa kopi, atakurudishia."

Silvana aliogopa kwamba akiuliza sana kazi itaponyoka. Beda ndiye aliyemtia moyo. "Uliza, mama. Wakikasirika kwa swali, bora tujue ukiwa bado hapa nyumbani."

Shule haikukasirika. Walirekebisha mkataba na kibali kikatoka. Mwishoni mwa mwezi wa tisa Silvana alipanda basi la Mpanda, akaunganisha hadi Kigoma na kuvuka mpaka kuingia Burundi. Nyumbani aliacha kopi ya mkataba, namba ya shule na namba ya ubalozi wa Tanzania wa kule. Albina alimfungia unga wa ulezi wa kutosha mwezi mzima.

Alipiga simu kila Jumapili. Jumapili ya nne sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka na kufurahi kwa pamoja.

"Baba, nina mtoto mmoja darasani, anaitwa Alida. Tangu nimefika hajawahi kufungua mdomo. Nilijaribu michezo, picha, nyimbo. Kimya. Nikaanza kudhani nimeshindwa kazi. Basi juzi akanyoosha mkono. Darasa zima likageuka."

"Akasema nini?"

"Akasema sentensi nzima ya Kiingereza, baba, haina kosa hata moja."

"Ndiyo, lakini alisema nini?"

"Aliomba ruhusa ya kwenda chooni."

Beda alicheka mpaka simu ikamponyoka. Albina alitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kumetokea nini. Beda alimpa tu simu, akajifuta macho kwa mkono wa shati.