Rivolva Iliyotaka Joto

Alama ya kwanza ilikuwa ya kidole gumba, ndogo, rangi yake kama chai ya mkandaa, ubavuni mwa rivolva ambayo Thabo alikuwa ameipaka mafuta jana yake na kuifungia ndani ya sefu. Aliigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha la jikoni. Ilikuwa kutu.

"Ilham ameishika hii?" alimwuliza mkewe.

"Funguo unazivaa shingoni, Baba Ilham," Mwatumu alimjibu huku akikata vitunguu. "Mtoto angeingiaje humo?"

Thabo aliweka gumba lake juu ya alama ile. Lake lilikuwa pana mara mbili. Akachukua kitambaa akaifuta.

Walikuwa wakiishi Turffontein, mtaa wa pili kutoka uwanja wa mbio za farasi. Mwaka huo wa 1997 ulikuwa wa tatu tangu Thabo arudi kwao kusini na mkewe kutoka Morogoro, ambako yeye alikaa miaka ya ukimbizi na wapigania uhuru wenzake. Sasa alikuwa fundi katika duka la silaha kule Marshalltown. Alitengeneza bastola za watu siku nzima, lakini yeye mwenyewe hakuwa na hata moja, mpaka jioni aliposimama kwenye robot, taa za barabarani, karibu na nyumbani, kijana akamwekea mtutu sikioni na kuchukua gari. Ilham, mwenye miaka minane, alikuwa kiti cha nyuma. Alishushwa salama, lakini tangu siku ile Thabo hakuweza kusikia mlango ukigongwa bila kushtuka.

Ndipo akaitwa na mama mmoja mjane wa Rosettenville, Brigitte, aliyekuwa anauza silaha za marehemu mumewe. Mwatumu alimsindikiza. Kwenye meza ya kulia chakula zilikuwa zimelala rivolva mbili, pacha kabisa, za risasi tano, mitutu yake haizidi vidole vitatu. Moja ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, nyeupe kama kijiko kipya. Nyingine ilikuwa imechomwa ikapewa ule weusi wa buluu wa kizamani, mzito, kama wino chupani.

Kibali cha Thabo kilikuwa cha silaha moja tu.

"Ya kubeba ni hiyo nyeupe," Mwatumu alisema kwa Kiswahili. "Wewe unatoka jasho, na mvua za huku unazijua. Hiyo nyeusi itakula kutu kiunoni."

"Ndivyo ninavyowaambia wateja kila siku," Thabo alicheka. "Nyeupe ni ya kazi. Lakini nyeusi ndiyo inayotafutwa na wakusanyaji. Weusi kama huu hauchomwi tena. Nitaibeba miaka kumi, na bado itakuwa na thamani."

Brigitte alikuwa amevaa glovu za sufu ndani ya nyumba, ingawa ilikuwa Novemba na jua linawaka. "Chukua nyeupe," alisema taratibu. "Nyeusi haipendi kulala peke yake."

Thabo alidhani ni mzaha wa kizee. Akachukua nyeusi.

Baada ya alama ya gumba zikaja nyingine. Mwanzoni Thabo aliivaa jioni tu anapotoka, na kila alasiri aliporudi kutoka kazini na kufungua sefu alikuta alama za vidole vinne, kisha kiganja kizima, mkono mdogo wenye majimaji uliokuwa umekishika chuma na kukiachia. Akafuta, akapaka mafuta, akafunga. Kisha ikaja harufu, kama ya sarafu iliyokaa mdomoni. Halafu sauti. Mwatumu alikuwa anapiga pasi mchana, redio imezimwa, akasikia silinda ikizungushwa ndani ya sefu iliyofungwa, krr, krr, krr, ikasimama, ikaanza tena, kama mtu anayehesabu matundu yake.

"Iuze," alimwambia mumewe.

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Thabo alitazama sakafu. "Nikiwa nayo mwilini haina kelele," alinong'ona. "Inatulia kabisa, Mwatumu. Ni ukiiacha tu ndipo inaanza."

Tangu hapo akaibeba kila saa. Aliivaa mezani, aliivaa kitandani, na alipooga aliiweka juu ya taulo pale anapoiona. Mwatumu ndiye aliyegundua kwamba inabadilika. Ile nyeusi ilikuwa inapauka, mtutu umekuwa kijivu, na ule weusi wa buluu ulikuwa umehamia kwenye vidole vya mumewe. Alimsugua kwa sabuni, kwa limau, kwa mafuta ya taa, haukutoka. Vidole vilikuwa baridi kama vimetolewa kwenye friji. Wiki iliyofuata ulifika kwenye kiwiko.

Kilichomvunja Mwatumu moyo ni mtoto. Jioni moja, Thabo akiwa amesinzia kwenye kochi, alimkuta Ilham amepiga magoti mbele ya baba yake, mkono umenyooshwa kuelekea kiunoni mwake, polepole, kama anayetaka kumpapasa paka.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Kuyabanda, Mama," Ilham alijibu kwa Kizulu, bila kugeuka. Kuna baridi. Kisha akaendelea kwa Kiswahili chake kilichovunjika tangu aanze shule huku. "Yeye anasema baridi. Anasema Baba iko karibu kwisha. Anasema mimi nishike."

Mwatumu alimbeba mtoto mpaka nje, akaketi naye kando ya barabara.

Asubuhi yake alikwenda Rosettenville. Brigitte alimfungulia bila kuuliza, na kabla mgeni hajamaliza salamu alivua glovu moja. Mkono ulikuwa wa buluu hadi kwenye kifundo.

"Mume wangu ilimfika kifuani," alisema.

"Ulijua, na bado ukatuuzia?"

"Nilikwambieni mchukue nyeupe." Macho ya mjane yalijaa machozi. "Niliitupa mtoni mara mbili. Ilirudi kitandani. Ilikubali kuondoka tu pale mtu mwingine alipoichagua mwenyewe."

Mwatumu alitoka bila kuaga.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumkimbilia. Othmani wa Tanga alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha vyuma kusini mwa mji, na Watanzania walimjua kwa kisomo. Alikuja Jumamosi mchana na gari lake la kazi, bakkie, pikapu kuukuu, akatandika mkeka sebuleni na kuwasha ubani. Kutoka uwanjani ulisikika umati ukishangilia farasi. Thabo alilazwa, shati limefunguliwa. Weusi ulikuwa umevuka bega.

Othmani alisoma muda mrefu. Mawingu yalijikusanya juu ya mabati, mvua ya mawe ikaanza, sebule ikawa giza saa tisa ya mchana, na katikati ya kishindo kile midomo ya Thabo ikafunguka na sauti ndogo ikatoka, sauti isiyo yake, inayosema Kiswahili laini cha pwani ambacho Thabo hakuwahi kukijua.

"Msinisomee. Nina baridi."

"Wewe ni nani?" Othmani aliuliza.

"Mimi ni wa moto. Nilikuwamo motoni walipokichoma chuma hiki kukipa rangi. Walipokitoa wakanitoa nacho, wakanizamisha kwenye mafuta, nikaganda ndani. Tangu siku hiyo naota joto la watu. Huyu ameisha. Nipeni yule mdogo, nimwache."

Othmani alifungua kitabu upya, lakini akarudia aya zile zile alizokwisha soma, na Mwatumu aliona kwamba hana zaidi. Weusi ulikuwa unaingia kifuani kwa mumewe akiutazama, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Alipiga magoti, akasogeza uso wake karibu na mdomo ule.

"Mtoto hupati," alisema. "Lakini moto nitakupa. Moto mwenyewe, si joto la mtu."

Mvua ya mawe ilipungua.

"Ni mbali?"

"Nusu saa kwa gari."

"Basi nibebe wewe. Juu ya ngozi. Ukiniweka chini, narudi kwa mdogo."

Mwatumu aliondoa risasi tano moja moja kama alivyokuwa akimwona mumewe akifanya, akaingiza rivolva chini ya blauzi, kifuani, akajifunga kanga juu yake kwa nguvu. Ilham akaachwa kwa jirani, Thabo pale pale mkekani. Garini hakuweza kusema. Baridi iliingia kwenye titi la kushoto ikapita kwenye mbavu, ikatafuta njia kuelekea moyoni, na kila walipokaribia robot nyekundu aliona kifua chake mwenyewe kikizidi kuwa cha buluu juu ya ukingo wa kanga, na sauti ile ikawa sasa ndani yake, ikimbembeleza kwamba asimame, alale kidogo, kwa nini ateseke, mtoto ni mdogo hatasikia maumivu, na yeye akajiuma ulimi mpaka ukatoka damu ili aendelee kukumbuka ni ya nani ile sauti na ni ya nani ile nyingine inayosema endelea.

"Tumefika, dada," Othmani alisema. "Simama. Nishike."

Zamu ya Jumamosi ilikuwa na watu wachache. Othmani alimpandisha ngazi ya chuma mpaka ukingoni mwa tanuru. Mwatumu alifungua kanga. Rivolva ilikuwa imegandamana na ngozi yake, akaibandua kwa mikono miwili na ngozi ikatoka nayo, akairusha. Haikutoa mlio ilipozama. Kitu kilivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeingia ndani kutoka kwenye kipupwe, basi.

Thabo aliamka jioni ile ile akiomba maji. Weusi ulirudi nyuma siku hadi siku ukabaki kwenye kucha. Mwatumu alibaki na kovu la kuungua, la umbo la mtutu mfupi, kifuani.

Jumatano Othmani alikuja kabla ya saa za kazi. Hakutaka kuingia ndani.

"Lile tanuru tulilimimina Jumapili," alisema kwa sauti ya chini. "Vifuniko vya mitaro, arobaini. Tulipovunja kalibu za mchanga vyote vilitoka na rangi ile. Vilianikwa juani siku mbili, dada. Ukigusa, ni barafu."

"Viko wapi?"

"Vimepakiwa jana. Midrand, kwenye nyumba mpya."

"Zina watu?"

"Wanahamia mwisho wa mwezi. Familia nyingi changa. Ningeweza kumwambia msimamizi. Lakini nimwambie nini?"

Ndani, Thabo alikuwa anamfunga Ilham kamba za viatu vya shule, na mtoto alikuwa anacheka. Mwatumu alisikiliza kicheko kile mpaka kikaisha.

"Usimwambie," alisema. Akafunga mlango.